Maswali ya Wasomaji: Nyufa katika Miamba Iliyokunjika

SWALI: Asalaam aleikum, mhariri. Mimi ni fundi wa kubandika mawe ukutani na kutandaza mawe ya njia hapa Kongowea, na kazi yangu kubwa ni yale mawe bapa yanayouzwa kwa jina la Mazeras. Nimeona kwamba ubapa wa jiwe huachana kwa patasi pale mchimbaji anapotaka, lakini mawe mengine huja na upande ulionyooka ambao hakuna aliyeugonga, nao umepakwa rangi ya kutu. Kijana wangu anayesoma jiografia ananiambia kuwa pande hizo ni nyufa zilizotokea ardhi ilipokunjwa, na akanionyesha picha ya milima ambayo matabaka yake yamepinda. Naomba unieleweshe: mwamba mgumu hupindaje bila kuvunjika, na ikiwa umeweza kupinda, nyufa zinatoka wapi?
Fundi wa mawe, Kongowea.

JIBU: Wa aleikum salaam, fundi. Maswali yako mawili yana jibu moja, kwa sababu kupinda na kupasuka kwa mwamba mara nyingi ni kazi moja inayotazamwa kwa umbali tofauti. Ukisimama mbali na mlima uliokunjika unaona tao lililopinda vizuri bila pengo, lakini ukikaribia na kuweka mkono juu ya mwamba unakuta tao hilo limeundwa kwa miteleko midogo, sehemu zilizoyeyuka na maelfu ya nyufa, na kila moja imechangia kidogo katika kupinda kwa jumla.

Miamba ya mashapo huanza kama mchanga, tope au maganda ya viumbe wa baharini yaliyotulia chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, kisha yakafukiwa na kushikamana kwa madini yaliyoletwa na maji yapitayo kati ya chembe. Yakizidi kufukiwa huelemewa, kwani kila kilomita moja ya mwamba huongeza mgandamizo wa takribani megapaskali 25, yaani karibu mara 250 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta. Mwamba uliobanwa pande zote kiasi hicho hauvunjiki kwa urahisi kama jiwe lililo mkononi mwako, na ukisukumwa taratibu kwa mamilioni ya miaka huweza kubadilika umbo. Joto nalo husaidia, ila msaada wake huja chini sana: madini ya kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mawe ya mchanga, huanza kunyumbuka ndani kwa ndani kwenye joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, nalo kwa kawaida hupatikana kwenye kina cha kilomita kama 10. Mikunjo mingi ya miamba ya mashapo haikufika huko kamwe. Ilikunjwa kilomita chache tu chini ya ardhi, mahali ambapo kwatzi bado ni ngumu na hukatika, na kwa hiyo ililazimika kutafuta njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kuteleza. Chukua mikeka kadhaa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine baada ya shughuli, uishike rundo lote kwa ncha mbili na uipinde. Utaona kingo zake hazibaki sawasawa, kwani kila mkeka umeteleza kidogo juu ya ule wa chini. Matabaka ya mwamba hufanya hivyohivyo, hasa yanapotenganishwa na tabaka jembamba la tope lililo laini, na alama ya jambo hilo hubaki: ukilifunua tabaka lililo ubavuni mwa mkunjo utakuta juu ya uso wake mikwaruzo iliyonyooka, inayokatiza mstari wa kilele cha mkunjo kwa pembe mraba.

Faida ya kuteleza huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Tuseme rundo la matabaka lina unene wa mita 10, nalo limepindwa kuwa tao ambalo nusu kipenyo chake ni mita 100. Ikiwa rundo zima ni pande moja lisilo na mahali pa kuteleza, uso wake wa nje hauna budi kurefuka kwa asilimia 5, kwa kuwa tunagawanya nusu ya unene, ambayo ni mita 5, kwa 100. Rundo hilohilo likiwa ni matabaka 100 yenye unene wa sentimita 10 kila moja, na kila tabaka likiwa huru kuteleza, uso wa nje wa kila tabaka hurefuka kwa asilimia 0.05 tu. Tofauti hiyo ni mara mia moja, nayo ndiyo sababu miamba ya matabaka membamba huweza kujikunja kwa namna ambayo pande nene la chokaa haliwezi kuiga.

Lakini hata asilimia 0.05 si ndogo kwa mwamba. Mwamba ni hodari wa kubanwa na dhaifu wa kuvutwa: nguvu inayohitajika kuukata kwa kuuvuta ni kama sehemu moja ya kumi ya ile inayohitajika kuuponda, na mara nyingi hukatika kabla urefu wake haujaongezeka hata kwa asilimia 0.1. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza chanzo cha udhaifu huo mwaka 1921 alipokuwa akichunguza kioo. Ndani ya kitu chochote kigumu kuna dosari ndogondogo, na nguvu ya kuvuta hujikusanya kwenye ncha za dosari hizo hadi mojawapo inapoanza kukimbia na kuwa ufa. Katika mwamba dosari hizo ni nyingi: ganda la kome, tundu kati ya chembe za mchanga, au kokoto moja iliyokaa vibaya.

Sasa tazama tabaka moja gumu linapopinda kuwa tao. Upande wa nje unavutwa, upande wa ndani unabanwa, na katikati kuna eneo lisilovutwa wala kubanwa. Nyufa huanzia juu, zikifuata mstari wa kilele cha mkunjo na kulikata tabaka kwa pembe mraba, nazo ni pana kwa nje na huzidi kuwa nyembamba kuelekea ndani, hadi zinapofika katikati na kufa. Upande wa ndani mambo ni kinyume chake, kwani huko madini huyeyuka pole pole mahali yanapobanwa zaidi, na katika chokaa huacha mstari mweusi wenye meno meno ambamo udongo usioyeyuka umebaki. Ndiyo maana vipande viwili vya mwamba uleule, kimoja kutoka juu ya tao na kingine kutoka chini yake, vinaweza kuonekana kana kwamba vimetoka nchi mbili.

Nyufa hizo hazikai ovyo. Ufa unapofunguka hupunguza mvutano katika mwamba ulio jirani nao, na nafuu hiyo hufika umbali unaokaribiana na unene wa tabaka lenyewe, kwa hiyo ufa unaofuata hulazimika kufunguka nje ya eneo hilo. Matokeo yake ni kwamba tabaka nene huwa na nyufa chache zilizoachana sana, na tabaka jembamba huwa na nyufa nyingi zilizokaribiana, hata kama yote mawili yamepindwa kwa kiasi kimoja. Tabaka la tope lililo kati yao huenda lisipasuke kabisa. Ufa ukilifikia hupoteza nguvu na kuishia hapo, kwa kuwa mwamba laini hujinyoosha badala ya kukatika. Mtu akiniuliza ni kitu gani hasa kinachoamua nyufa za mkunjo zikae vipi, nitamjibu kwamba mpangilio wa matabaka magumu na laini una neno kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na mara nyingine kuliko kupinda kwenyewe.

Kuna mshiriki mwingine ambaye picha za vitabuni hazimwonyeshi, naye ni maji. Kwenye kina cha kilomita 3 uzito wa mwamba hubana kwa megapaskali 75 hivi, na maji yaliyo huru kupanda hadi juu hubana kwa takribani 30. Lakini maji yaliyofungiwa chini ya tabaka la tope hayana pa kwenda, na matabaka yanaposongwa yakikunjwa, mgandamizo wa maji hayo hupanda ukasukuma kuta za mwamba kutoka ndani. Yakizidi nguvu inayoubana mwamba katika upande ulio dhaifu zaidi pamoja na ukakamavu wa mwamba wenyewe, ufa hufunguka, na ndivyo inavyowezekana mwamba kupasuka kwa kuvutwa mahali ambapo kila kitu kinabanwa.

Ushahidi wake unaweza kuuona kwa kioo cha kukuzia. Chukua chokaa yenye mshipa mweupe wa kalsaiti, yaani madini yanayounda chokaa yenyewe, na uuangalie mshipa huo kwa karibu: mara nyingi si kipande kimoja, bali umejaa vijisehemu vyembamba vya mwamba asilia vilivyopangika sambamba na ukuta, na kila safu ni alama ya ufa uliofunguka kidogo, ukazibwa na madini yaliyotoka kwenye maji, kisha ukafunguka tena. Mwanajiolojia John Ramsay alielezea mwenendo huo mwaka 1980, na kuna mishipa ambamo ufa mmoja ulifunguka na kuzibwa mamia ya mara.

Nirudi kwa kijana wako, ambaye amepata nusu ya jambo. Ni kweli kwamba kukunjwa huleta nyufa, ila ufa kuwa ndani ya mkunjo haimaanishi kuwa mkunjo ndio uliouleta. Matabaka huanza kusongwa yakiwa bado yamelala, na msongo huo pekee unatosha kufungua nyufa zinazoelekea upande ule ule msongo unakotoka. Mkunjo ukija baadaye, nyufa hizo huinuliwa pamoja na matabaka. Kwenye mkunjo maarufu wa Sheep Mountain huko Wyoming, Marekani, watafiti waliopima nyufa kwa uangalifu walikuta kundi moja lililokuwepo kabla ya mkunjo kuanza, kundi la pili linalokatiza mhimili wa mkunjo ambalo lilitokana na msongo wa mwanzo, na kundi la tatu tu, lililo kando ya kilele na sambamba nacho, ndilo linaloweza kuhesabiwa kuwa tunda la kupinda.

Na mawe yako, fundi, hayakutoka kwenye mikunjo mikali hata kidogo. Ukiondoka kisiwani Mombasa kwa barabara ya Nairobi unapita kwanza kwenye miamba ya tope ya Changamwe na Miritini, kisha mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani, halafu Maji ya Chumvi na Taru, na kadiri unavyokwenda bara ndivyo miamba inavyozidi kuwa mikongwe, kwa sababu matabaka yote hayo yameinama taratibu kuelekea baharini. Historia kubwa ya pwani yetu ni ya kuvutwa. Madagaska ilipoanza kuachana na Afrika Mashariki katika enzi ya Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, nchi ilinyooshwa na kukatika kwa mipasuko ambayo upande mmoja uliteremka. Baadaye mmomonyoko ukaondoa uzito uliokuwa juu, mwamba ukapoa na kutanuka, na nyufa nyingine zikafunguka. Upande ulionyooka wa jiwe lako ni uso wa ufa wa namna hiyo, na ile rangi ya kutu ni madini ya chuma yaliyoachwa na maji yaliyopita ndani yake kabla mchimbaji hajafika. Uso alioukata yeye kwa patasi siku hiyo hauna rangi hiyo. Ule ubapa wenyewe si ufa. Ni mpaka kati ya mchanga uliotulia kwanza na uliotulia baadaye, na patasi hufuata mpaka huo kwa sababu ndio mahali pasiposhikana sana.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne Changamwe. Mtu akisimama mbele ya mwamba wenye nyufa za kila upande, atajuaje ni zipi zilizotangulia na ni zipi zilizoletwa na mkunjo?
Mwanafunzi, Changamwe.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza pale nyufa mbili zinapokutana. Ufa mpya ukikimbia ndani ya mwamba na kukuta ufa wa zamani ulio wazi, hauwezi kuuvuka, kwa kuwa mvutano hausafiri ng'ambo ya pengo; kwa hiyo ule unaoishia kwa mwenzake ndio mdogo kwa umri. Tahadhari ni kwamba ufa wa zamani uliozibwa barabara kwa kalsaiti au kwatzi unaweza kuvukwa kana kwamba haupo, kwa hiyo usitoe hukumu kwa makutano moja. Hesabu makutano mengi kwanza.

Kisha angalia uso wa ufa. Ukiona michirizi myembamba inayotawanyika kutoka sehemu moja mfano wa unyoya, ufa huo ulifunguka tu, pande mbili zikaachana bila kusuguana, na sehemu michirizi inapoanzia ndipo ufa ulipozaliwa, mara nyingi kwenye ganda au kokoto. Ukiona mikwaruzo sambamba, pande hizo zimeteleza. Nyufa za kuteleza mara nyingi huja kwa jozi zinazokatana kwa pembe ya nyuzi 60 hivi, na mstari unaoigawa pembe hiyo nyembamba katikati huonyesha upande msongo ulikotoka.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote kinahitaji dira, chombo cha kupimia mwinamo na daftari. Pima mwelekeo wa nyufa kwenye ubavu mmoja wa mkunjo, pima na kwenye ubavu wa pili, halafu kwa hesabu uyalaze matabaka ya pande zote mbili kama yalivyokuwa kabla ya kukunjwa. Nyufa za pande hizo mbili, ambazo mlimani zilikuwa zinaelekea kusikofanana, zikirudi kuwa na mwelekeo mmoja, basi zilikuwepo matabaka yakiwa bado yamelala, na mkunjo ulizikuta. Zikitawanyika zaidi baada ya kulazwa, zilikuja baada ya mkunjo. Nyufa zilizoletwa na kupinda kwenyewe hujitambulisha kwa mahali zilipo: huwa nyingi pale tao lilipopinda zaidi, na hupungua mbavuni. Hata hapo kuna jambo la kuangalia, kwani katika mikunjo mingine kilele huhama wakati mkunjo unakua, na ubavu unaouona leo umetulia huenda uliwahi kupita kwenye kona na kuchukua nyufa zake huko.

SWALI: Je, nyufa na mapango tunayoyaona kwenye miamba ya ufuoni pale Mama Ngina yalitokana na kukunjwa kwa ardhi?
Msomaji, Tudor.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mwamba huo ni matumbawe yaliyoota baharini wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita, nao haujakunjwa. Mapango yake yalichimbwa na mawimbi na na maji ya mvua yanayoyeyusha chokaa, na nyufa nyingi za ukingoni hutokea pale bahari inapoula mwamba kwa chini hadi sehemu ya juu ikabaki inaning'inia bila nguzo, ikavutwa na uzito wake yenyewe. Kanuni ya kuvutwa ni ileile niliyomweleza fundi, ila hapa mvutaji ni uzito. Ndiyo sababu si salama kukaa kwenye ncha ya mwamba ulioliwa chini, hata kama unaonekana mzima ukiutazama kutoka juu.

SWALI: Mhariri, mimi naishi Likoni lakini nina shamba upande wa Mariakani. Fundi wa visima amenishauri nichimbe penye kilima kwa madai kwamba mkunjo wa ardhi huwa na nyufa, na nyufa huwa na maji. Je, nimsikilize?
Mama mkulima, Likoni.

JIBU: Mama, kanuni aliyoisikia ni ya kweli, lakini ni ya mahali pengine. Huko Afrika Kusini, kwenye milima ya Cape iliyokunjwa miaka milioni 250 hivi iliyopita, mawe ya mchanga ni magumu mno na karibu hayana matundu, lakini nyufa zake zimebeba maji mengi ya ardhini, na chemchemi za maji moto kama ya Caledon hutokea humo. Nchini Iran, kisima cha Masjed Soleyman kilichotoa mafuta mwaka 1908 kilichimbwa kwenye mkunjo wa milima ya Zagros, ambako chokaa iitwayo Asmari hupitisha mafuta kwa sababu imejaa nyufa.

Kwako Mariakani matabaka yameinama tu, wala kilima si dalili ya mkunjo. Huenda kimebaki kwa sababu tabaka lake la juu ni gumu kuliko majirani. Mahali pa kutafutwa ni kwenye mipasuko mikubwa, ambako mwamba wa pande zote mbili umevunjikavunjika, na mtaalamu wa maji ya ardhini huweza kuutambua kwa kupima jinsi ardhi inavyopitisha umeme. Jambo hili ni muhimu kwa kuwa nyufa nyingi za huko zinakaribia kusimama wima, na kisima kinachoteremka wima kinaweza kupita katikati ya nyufa mbili bila kuigusa hata moja, ilhali jirani yako aliyechimba hatua chache kutoka hapo akapata maji. Mitambo mingine huweza kuchimba kwa mshazari ili tundu moja likate nyufa kadhaa. Uliza kama gharama yake inavumilika. Uliza pia kuhusu ubora wa maji, kwani katika matabaka ya tope ya eneo hilo maji mara nyingi huwa na chumvi, na yapimwe kabla hujanunua pampu.

La mwisho linahusu choo. Maji yanayopenya polepole kwenye mchanga husafika njiani, lakini yanayoshuka kwa ufa hukimbia bila kuchujwa, hivyo choo cha shimo kinaweza kuchafua kisima kilicho mbali kuliko unavyotarajia. Kabla ya kuchagua mahali, mwombe mtaalamu akuonyeshe nyufa zinaelekea upande gani, choo kisikae kwenye mstari huo kwa upande wa juu wa mteremko, na mita za mwanzo za kisima ziwekewe bomba na kuzungushiwa saruji hadi kwenye mwamba mzima.